Waini, Mnazi au Ukwaju: Hesabu ya Meza ya Krismasi Malindi

Shemeji yangu anayeishi Nyeri hushuka Malindi kila Desemba na chupa mbili za waini nyekundu, amezizungushia gazeti na kuzizamisha katikati ya nguo. Huzilinda safari nzima: treni hadi Mombasa, matatu hadi Malindi, tuktuk hadi mlangoni. Akishasalimia watu huziweka juu ya friji, mahali pa heshima, na pia mahali penye joto kuliko pote jikoni. Hapo hukaa siku tatu. Krismasi ikifika hufunguliwa saa saba mchana, jua la kaskazi liko utosini, ili ziteremshie samaki wa kupaka. Kila mtu hunywa vidole viwili, husema "nzuri sana", kisha glasi husimama pale pale mpaka jioni, nzi wakizizunguka.

Mwaka jana nilikadiria kilichomwagwa kwenye sinki. Kilikaribia shilingi elfu mbili, ukifuata bei ya dukani.

Hakuna aliyekosa adabu hapo. Waini katika pwani hii ni zawadi kabla haijawa kinywaji, na si jambo la jana. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinaeleza kwamba wafanyabiashara waliofika pwani ya Azania, yaani pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, walibeba waini kidogo na ngano si kwa kuuza, bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji. Shemeji anaendeleza desturi. Wareno nao walituachia neno mvinyo, pamoja na meza na kopo. Vyombo vya karamu wakatupatia vyote, ila hawakutuambia ni chupa gani inayokaa vizuri na tui la nazi.

Kwa hiyo mwaka huu nimekaa chini na kalamu. Meza yetu ina watu kumi na wawili. Saba wanakunywa. Watano hawanywi: watatu ni Waislamu, ndugu za mke wa kaka yangu, mmoja ameokoka, mmoja ni mjamzito. Glasi ya kawaida ya waini ni mililita 150, kwa hiyo chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano. Watu saba wakinywa glasi mbili mbili ni glasi kumi na nne, yaani chupa tatu, ikibaki glasi moja ya mpishi. Bei nitakazotumia ni makadirio ya rafu za supamaketi na maduka ya vinywaji ya Malindi na Kilifi. Desemba ofa hupandisha na kushusha kila wiki, basi shika uwiano, usishike shilingi.

Kabla ya rafu, kodi, maana ndiyo inayoeleza mengi ya yale unayoyaona. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Kodi ya 2024 ianze kufanya kazi mwishoni mwa Desemba mwaka huo, ushuru wa bidhaa kwa waini hautozwi tena kwa lita. Unatozwa kwa kilevi kilichomo: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kilevi halisi. Chupa ya asilimia 14 ina sentilita 10.5 za kilevi, ushuru wake unakaribia shilingi 236. Chupa ya asilimia 8 ina sentilita 6, ushuru shilingi 135. Ni tofauti ya shilingi mia moja na ushei, na juu yake VAT ya asilimia 16. Ukilipia waini kali unailipia serikali zaidi, si mkulima wa zabibu. Nambari hiyo ya asilimia imechapishwa kwenye kila chupa kwa herufi za kutafutia miwani, na kwa mnunuzi wa pwani ndiyo nambari ya kwanza ya kusoma, kabla hata ya bei.

Mbona iwe ya kwanza? Kwa sababu ya kilichomo sahanini. Angalia meza ya sikukuu kwetu: samaki wa kupaka, wali wa nazi, pilau ya mbuzi, kuku wa kuchoma na pilipili, viazi karai, kachumbari, achari ya ndimu, embe boribo limekatwa vipande. Kuna tui zito, kuna ndimu, kuna pilipili, kuna bizari. Kilevi kingi huichochea pilipili. Mdomo unaowaka kwa achari ukikutana na waini ya asilimia 14 unawaka mara mbili. Halafu kuna tanini, ule ukakasi wa waini nyekundu unaokausha ulimi kama chai iliyochemka mno au ndizi mbichi. Ukakasi huo hupatana na mafuta ya nyama. Ukikutana na samaki, hasa samaki mwenye mafuta kama nguru au jodari, huacha ladha ya chuma mdomoni, kama umelamba kijiko. Wageni wetu walikuwa wakisema "nzuri sana" huku ulimi ukisema mengine.

Kumbe vinavyosaidia ni vitu vitatu: ubaridi, uchachu, na sukari kidogo. Ubaridi kwa sababu ya joto linalopita nyuzi 30. Uchachu unafanya kazi ya ndimu, unakata tui. Sukari inaituliza pilipili. Mtu akijua hayo matatu anaweza kuingia duka lolote bila kumuuliza muuzaji, ambaye mara nyingi atakuonyesha ile iliyokaa sana.

Tuanze na chupa ambazo wajuaji wa Nairobi huzicheka: zile tamu za Afrika Kusini, Four Cousins, 4th Street, Robertson Natural Sweet na dada zao. Hizi ndizo zinazonunuliwa kwa wingi, na kwa kawaida utazipata kati ya shilingi 900 na 1,400. Chukua 1,100 kwa hesabu: chupa tatu ni 3,300, glasi moja 220. Kilevi chake mara nyingi ni asilimia 8 hivi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliozicheka, nimeacha. Tamu nyeupe au ya waridi, iliyopozwa hasa, ikinywewa na kuku wa pilipili au na pilau yenye pilipili mbichi pembeni, inafanya kazi yake bila kelele. Inapokosea ni pale unapoileta kwa samaki aliyechomwa mkavu na ndimu tu. Hapo inakuwa sharubati. Na ikipata joto kidogo mezani huwa nzito kama dawa ya kikohozi. Kama nyumba haina barafu, iache.

Hatua ya pili ni nyeupe kavu, na hapa ndipo ningeweka fedha zangu. Chenin Blanc ndiyo zabibu inayopandwa kuliko zote Afrika Kusini, na kwa kuwa iko tele bei yake hukaa chini ya majina makubwa. Shilingi 1,300 hadi 1,800 inakupa chupa ya heshima. Kwa 1,500, chupa tatu ni 4,500, glasi 300. Ina uchachu wa kukata tui na harufu ya matunda inayokaa vizuri na bizari na mdalasini. Sauvignon Blanc nayo iko rafu hiyo hiyo kwa bei hiyo hiyo, ila ni kali zaidi, ina harufu ya majani mabichi; hiyo ni ya changu wa kuchoma, kamba wa kitunguu saumu, pweza. Ukiwa na samaki wa kupaka na wa kuchoma mezani pamoja na huwezi kununua zote mbili, nunua Chenin. Chagua ya mwaka wa karibuni. Kule kusini huvuna kati ya Januari na Aprili, na nyeupe za bei hii hazikutengenezwa ili zikae. Chupa ya miaka minne iliyoshushwa bei kwa ofa huwa imeshuka kwa sababu.

Nyekundu sijaitupa. Pilau ya mbuzi, mishkaki, mbuzi wa kuchoma usiku upepo ukishapoa: hapo ina nafasi. Lakini si ile ya asilimia 14.5 yenye kizibo na picha ya kasri. Tafuta nyepesi, Merlot laini au Pinotage changa. Pinotage ni zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Profesa Abraham Perold kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, na moshi wa nyama choma inauelewa. Itie friji nusu saa kabla ya kunywa. Najua wapo watakaosema nyekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa kilikuwa cha Ulaya, ukuta wa mawe, nyuzi 18. Chumba cha Malindi mwezi wa Desemba ni jiko la pili.

Sasa Waitaliano, maana huwezi kuandika habari za waini Malindi ukawaruka. Walianza kuuzoea mji huu miaka ya 1960 walipojenga kituo cha San Marco kule Ngomeni, wakarusha setilaiti kutoka jukwaa lao la baharini mwezi Aprili 1967. Setilaiti zilikwisha zamani, watu wakabaki na mikahawa, aiskrimu na maduka yenye jibini na Prosecco. Prosecco hapa si ajabu kama ilivyo miji mingine ya Kenya. Binti wa Malindi aliyefanya kazi hotelini anaijua kuliko meneja wa benki wa Eldoret. Bei yake huanza karibu na 1,800 na kupanda kupita 3,000. Kwa 2,200, chupa tatu ni 6,600, glasi 440. Ni ghali, na hata hivyo ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, kwa sababu ya viazi karai. Povu na uchachu vinasafisha mafuta. Kiazi cha moto kilichochovywa kwenye chatne ya ukwaju, kisha funda la Prosecco baridi, sijapata kitu kingine kinachokaribia. Bajia na sambusa vilevile. Basi usiiwekee chakula kizima. Nunua chupa moja, igawie watu saba funda funda wakati wa vitafunio, kisha uhamie kwenye Chenin.

Tahadhari moja ya lebo hapo. Prosecco iliyoandikwa "Extra Dry" ni tamu kuliko iliyoandikwa "Brut". Maneno yanasema kavu zaidi, sukari inasema vingine: Brut haipiti gramu 12 kwa lita, Extra Dry ni kati ya 12 na 17. Kwa viazi karai chukua Brut. Kwa kaimati, hiyo nyingine.

Kuna wanaoona njia ya mkato ni boksi la lita 5. Kwa glasi ni rahisi kweli: lita 5 ni glasi 33, na boksi la 4,800 linaleta glasi kwa shilingi 145 hivi. Lakini sisi tunahitaji glasi kumi na nne. Zilizobaki utazimaliza wiki gani? Mfuko wa ndani unajibana kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo waini hukaa wiki kadhaa ndani ya friji. Tatizo ni kwamba Desemba friji ya nyumba ya pwani imejaa samaki, nyama na maji ya watoto, na boksi linaishia sakafuni kwenye joto. Kwa harusi au kwa nyumba ya watu thelathini, sawa. Kwa sisi, hapana.

Nimeacha mnazi mpaka sasa, na makusudi.

Ukitoka Kilifi kuelekea Kaloleni unapita katika nchi ambayo waini yake huikuti rafuni. Mgema hupanda mti asubuhi na jioni na kotama yake kiunoni, akalikwangua ua la mnazi ambalo halijafunguka, kipande chembamba kama ngozi ya kitunguu, utomvu ukaendelea kudondokea kibuyuni. Unapoanza kudondoka ni sukari tupu. Hamira iliyomo kibuyuni na hewani inaanza kazi papo hapo, na ndani ya siku hiyo mnazi unafika kilevi cha asilimia 4 au 5, sawa na bia. Kesho yake umekuwa mkali. Siku chache tena ni siki, nayo siki ya mnazi ni nzuri kwa achari, kwa hiyo hata ukichelewa hukupata hasara yote.

Angalia unavyokaa kwenye chakula chetu. Ni mtamu kidogo, mchachu kidogo, una povu dogo, kilevi chake kiko chini. Yale matatu niliyoyatafuta kwenye rafu za Afrika Kusini kwa shilingi 1,500 yamo humu, kasoro ubaridi ambao ni kazi yako. Na tui la kwenye samaki na mnazi wa kwenye glasi vimetoka mti mmoja, ingawa haviwezi kutoka ua moja: ua lililogemwa halizai nazi. Bei? Kijijini lita moja mara nyingi haifiki shilingi 100, mjini hupanda. Hata kwa 100, lita tano ni 500, glasi 33, shilingi 15 na senti kila moja. Hiyo ni bei ya glasi moja ya Prosecco kwa glasi ishirini na tisa za mnazi.

Basi kwa nini haukai mezani kwa watu wengi Krismasi? Sababu ya kwanza ni haya. Mnazi ni wa mangwe, yaani kilabu cha mnazi, wa benchi chini ya mwembe, wa wazee na mrija. Mgeni wa bara anaandaliwa chupa yenye kizibo. Mimi haya hiyo siielewi. Kwa Wagiriama kadzama ya mnazi ndiyo inayofungua mazungumzo ya mahari. Kinywaji kinachotosha kuoa mke kinashindwaje kuteremsha pilau? Sababu ya pili ina uzito zaidi: haukai. Huwezi kuununua tarehe 20 ukauweka kabatini. Sababu ya tatu ni kutoaminika. Methali ya mgema aliyesifiwa akatia maji tunaisema kwa watoto kama fumbo la maisha, kumbe ni onyo la kawaida kabisa la mnunuzi. Wengine hawatii maji tu, hutia na sukari na hamira ya dukani ili uchemke upya.

Nilimwendea mzee mmoja karibu na Gede anayegema tangu ujana wake.

"Mzee, shikamoo. Nitaujuaje ambao haukuchezewa?"

"Marahaba mwanangu. Njoo alfajiri, usimame chini ya mti."

"Na nisipoweza?"

"Basi mtume anayekupenda."

Alicheka, kisha akanieleza kwa vitendo. Mnazi mzuri wa asubuhi ni mweupe wa maji ya mchele, povu lake ni dogo na halikatiki, harufu ni ya hamira na utamu. Uliotiwa maji unapita ulimini bila kuacha kitu. Wa jana unakupiga pua kwa siki kabla hujainamisha kopo. Akaniambia pia nisikaze kifuniko cha dumu, maana unaendelea kuchacha na dumu litapasuka ndani ya gari, na hilo nililijua tayari kwa njia ambayo mke wangu hapendi niisimulie. Uweke kwenye barafu mara tu uupatapo; baridi huupunguza mwendo, nao unakuwa mtamu mpaka saa tisa mchana.

Gharama ya mnazi iliwahi kuwa jambo zito kuliko ninavyolifanya hapa. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake Palms, Wine and Witnesses cha mwaka 1972, aliwaeleza wakulima wa Kigiriama waliokuwa wakijikusanyia minazi na mashamba, huku jamii ikiwatarajia walishe na kunywesha watu mazikoni na karamuni. Baadhi yao walishikwa na pepo wa Kiislamu, tiba ikawa kusilimu, na aliyesilimu hakuweza tena kukaa na wenzake kwenye mnazi. Waliugua kweli au la, si kazi yangu kusema. Ila kila mwenye nyumba anayeandaa Krismasi huku ndugu wa mbali wakizidi kubisha hodi atawafahamu watu hao.

Wale watano wasiokunywa nao wanakula, na katika nyumba nyingi hutupiwa soda ya lita mbili iliyokwisha gesi. Hapo ndipo ubahili wetu unapoonekana. Ukwaju uliolowekwa usiku, ukachujwa, ukatiwa sukari, tangawizi na chembe ya chumvi, unafanya kazi ile ile ya Chenin: unakata tui na kuamsha ulimi. Jagi la lita mbili halipiti shilingi 200 kwa vifaa vyote, ikiwa ni glasi kumi na tatu. Ubuyu wa Kilifi ni mzito zaidi na ni wa watoto. Embe zimejaa Desemba, lakini juisi ya embe ni chakula chenyewe. Ukiinywa na pilau hutamaliza pilau. Madafu, kwa shilingi 50 hadi 70 moja, ni ya kumpokelea mgeni akishuka kwenye tuktuk, kabla ya meza. Kwa ndugu zetu Waislamu kuna neno moja zaidi la kuzingatia, halina bei: majagi yao yawe na glasi zake, zisizopita kwenye waini, na chupa zikae upande mmoja wa meza. Shangazi wa mke wa kaka yangu hakusema lolote mwaka ule glasi zilipochanganywa. Aliacha tu kunywa, akaomba maji ya chupa, naye ni mtu anayependa ukwaju.

Nimalizie manunuzi. Joto ndilo adui mkubwa wa waini huku kuliko bei. Duka lililopanga chupa dirishani, jua la alasiri likizipiga, usinunue humo hata kwa nusu bei. Chupa ikishapikwa huwa na ladha ya zabibu kavu zilizoungua, na kizibo kilichojisukuma juu kidogo ni ushahidi. Chukua za rafu ya ndani, za kifuniko cha kuzungusha ikiwezekana, hazisumbui na huhitaji kizibuo. Stempu ya KRA iwepo kwenye chupa, na unaweza kuikagua kwa programu ya Soma Label kwenye simu. Desemba ni mwezi wa biashara ya bandia, na bandia ya waini ghali ina faida kuliko bandia ya waini rahisi. Nunua mapema, maana kisheria baa hufunguliwa saa nane mchana siku za sikukuu, na saa nane watu wameshafika kwenye embe.

Na nunua barafu. Naisema hii nikiwa nimeona nyumba zilizotumia 6,000 kwa chupa na sifuri kwa barafu. Ndoo, maji, barafu na konzi ya chumvi hupoza chupa kwa dakika ishirini, haraka kuliko friji yenye samaki. Shilingi 300 za barafu zitaipandisha chupa ya 1,100 hadhi kuliko shilingi 700 zikiongezwa kwenye chupa.

Meza yetu mwaka huu basi: Prosecco moja Brut kwa vitafunio, 2,200. Chenin mbili kwa chakula, 3,000. Lita tano za mnazi wa asubuhi kutoka kwa mzee wa Gede, nilizoahidiwa kwa 500, kwa anayetaka na kwa shemeji ambaye atataka. Ukwaju majagi mawili, 400. Barafu 300. Jumla 6,400 kwa watu kumi na wawili, na hakuna atakayebaki akitazama glasi ya mwenziwe. Tungenunua nyekundu tatu za 2,000 tungekuwa tumetumia 6,000 na watu watano hawajapata kitu.

Juzi shemeji alipiga simu kuuliza kama alete zile zile.

"Leta moja, shem," nikamwambia. "Tutaifungua usiku na mbuzi. Isikae juu ya friji."

"Na nafasi ya ile ya pili?"

"Tia viazi."

Akanyamaza kidogo. "Viazi vya Nyeri? Nivibebe mpaka Malindi?"

"Vya karai. Kilo tatu. Vingine niachie mimi."